Kitazamio cha Pembe: Kipi Kinafaa, kwa Kamera Ipi

Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, hafiki urefu wa sentimita 3. Mpiga picha anayetaka kukutana naye uso kwa uso, badala ya kumpiga kutoka juu kana kwamba anapiga kokoto, hana njia ila kulaza lenzi chini kabisa. Hapo ndipo taabu inapoanza. Kitundu cha kuchungulia cha kamera ya DSLR kiko nyuma ya bodi, karibu na kilele, nacho hutazama kulekule inakotazama lenzi. Lenzi ikilala kwenye majani yaliyolowa, jicho nalo halina budi kushuka hapohapo, na shavu, kidevu na shingo hufuata. Ndivyo ilivyo pia kwa maua ya Saintpaulia yanayoota kwenye miamba yenye kivuli huko Usambara, kwa kaa wa fukwe za Kilwa, na kwa ndege wanaochokoa matope wakati maji yamekupwa kwenye Hori la Mida.

Kitazamio cha pembe kilibuniwa kwa hali kama hizo. Ni bomba fupi lililopinda kwa nyuzi 90, na ndani yake mna prizimu na lenzi ndogo. Upande mmoja hushikamana na kitundu cha kuchungulia, upande wa pili huelekea juu, na mpiga picha hupiga magoti au huchuchumaa akatazama chini badala ya kulala kifudifudi. Kwa kuwa DSLR za mitumba bado ziko mikononi mwa wapiga picha wengi wa Afrika Mashariki, suala la kukichagua lingali hai. Wengi, hata hivyo, huanza kulichambua kutoka mwisho usiofaa. Huuliza kwanza kinakuza mara ngapi, ilhali sifa hiyo ndiyo iliyopoteza maana zaidi katika miaka hii.

Kamera hazikuanza kwa kubandikwa usoni. Rolleiflex ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1929, ilitazamwa kutoka juu ikiwa usawa wa tumbo au kifua. Kine Exakta ya 1936, miongoni mwa kamera za kwanza za filamu ya milimita 35 zilizotumia kioo cha kuakisi, nayo ilitazamwa vivyo hivyo. Contax S ya Dresden, mwaka 1949, ikaweka juu ya kioo hicho prizimu yenye pande tano, na mpiga picha akaweza kutazama mbele akiona kila kitu kimesimama sawasawa, kulia kukiwa kulia na kushoto kushoto. Nikon F ya mwaka 1959 ilitoa njia zote mbili: prizimu yake ilichomolewa, kikawekwa kitazamio cha juu. Uhuru huo uliendelea katika kamera kuu za Nikon hadi F5 ya 1996. Nikon D1 ya kidijitali, mwaka 1999, na F6 ya filamu, mwaka 2004, zikaja na prizimu isiyotoka. DSLR zilizofuata zikashika mkondo huo. Basi anayetaka kutazama kutoka juu kupitia lenzi ya DSLR ya kawaida hawezi tena kubadilisha kichwa cha kamera. Amebaki na jambo moja tu, kuongeza kitu nyuma yake.

Kitu hicho si kioo tu kilichoinamishwa. Kioo kimoja huonyesha picha iliyosimama lakini iliyogeuzwa: maandishi husomeka kinyume, na ndege anayetembea kuelekea kulia huonekana anaelekea kushoto. Kwa ua lililotulia hilo ni usumbufu mdogo. Kwa kiumbe anayekwenda ni balaa, maana mkono huzungusha kamera upande ambao mnyama hayupo. Ndiyo sababu vitazamio vizuri vina prizimu yenye pande mbili zinazokutana kwa pembe kama paa la nyumba, na pande hizo hurudisha kulia kuwa kulia. Prizimu ya namna hiyo ni ghali kuichonga, kwa kuwa mshono wa paa usipokuwa sahihi huacha mstari au kivuli katikati ya picha. Vifaa vya bei ya chini sana huokoa gharama mahali hapo. Dukani, jaribio lake halichukui hata dakika: kifungwe kwenye kamera, kamera ielekezwe kwenye bango lenye maandishi, na mnunuzi asome. Yakisomeka kinyume, akirudishe.

Halafu ndipo yanapokuja makuzi. Kitazamio cha Canon kiitwacho Angle Finder C hukuza mara 1.25, na ukisogeza kitenzo hukuza mara 2.5. Nikon ina viwili, DR-5 na DR-6, na kila kimoja hukuza mara 1 au mara 2. Refconverter A ya Pentax nayo ina mara 1 na mara 2, na kitazamio cha Seagull, jina la kale la kamera za Shanghai, hufuata mpango huohuo. Kwenye matangazo, tarakimu kubwa ndiyo inayopewa nafasi ya mbele. Ni rahisi kuelewa kwa nini: picha ikionekana kubwa zaidi, mtu hudhani ataiweka kwenye fokasi kwa usahihi zaidi.

Dhana hiyo ina ukweli nusu. Kitazamio hakikuzi kile kilicho mbele ya lenzi, hukuza kile kilichoonyeshwa kwenye skrini ndogo ya kulengea iliyo chini ya prizimu ya kamera. Skrini za DSLR za kisasa zilitengenezwa ziwe angavu kwa ajili ya fokasi ya otomatiki na lenzi za kawaida, na kwa sababu hiyo hazionyeshi kikamilifu wembamba wa fokasi wa lenzi iliyofunguliwa zaidi ya takriban f/2.8. Mwenye lenzi ya f/1.4 huona kwenye kitundu kina cha fokasi kilicho kikubwa kuliko kitakachotokea kwenye picha. Kukuza skrini hiyo mara 2.5 ni kukuza udanganyifu uleule, na hiyo ndiyo gharama ya kwanza. Baadhi ya kamera, kama Canon 5D ya mwaka 2005, ziliruhusu mwenye nazo kuweka skrini nyingine yenye chembe laini zaidi, Ee-S, iliyokusudiwa lenzi angavu. Kwa mpiga picha wa aina hiyo skrini ilikuwa na manufaa kuliko kitazamio chochote. Gharama ya pili ni nuru. Picha ikikuzwa mara 2.5 kila upande, eneo lake huongezeka zaidi ya mara 6, na mwanga uleule ndio unaotandazwa humo. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, ambayo ikivutwa hadi mwisho hufunguka f/5.6 tu, kivuli cha msituni hugeuka giza lenye chembechembe. Gharama ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: katika makuzi hayo huonekana sehemu ya katikati peke yake. Pembe za fremu hazionekani, na mstari wa taarifa ulio chini, wenye kasi ya shata na kitone cha kijani kinachothibitisha fokasi, hupotea. Mpiga picha amenunua kifaa cha kumsaidia kupanga picha, kisha anaitazama asiweze kuona kingo zake.

Jambo la nne ndilo lililomaliza ubishi. Olympus E-330 ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba DSLR inaweza kuonyesha picha hai kwenye skrini ya nyuma muda wote, na mwaka 2007 Canon 40D, Nikon D3 na Nikon D300 zikaja na uwezo wa mtazamo huo. Kamera za Canon huwezesha kukuza sehemu ya picha hiyo mara 5 au mara 10, na kinachokuzwa hapo ni kile kinachoonwa na sensa yenyewe, wala si kivuli chake kwenye skrini ya kulengea. Kwa kiumbe au kitu kisichosogea, hakuna kitazamio cha pembe kinachoweza kushindana na hilo. Kwa hiyo makuzi ya mara 2 au 2.5 yana kazi ya maana kwa kamera zilizotangulia tu: Canon 350D, 400D, 30D na 5D ya kwanza, na Nikon D40, D70, D80 na D200.

Makuzi madogo, kwa upande mwingine, yana maana kwa wote, na hapa tofauti kati ya mara 1 na mara 1.25 si ndogo. Kitundu cha Canon 400D kina ukuzaji wa 0.8 kwa lenzi ya milimita 50, lakini kwa kuwa sensa yake ni ndogo, ukubwa unaofikia jicho ni sawa na takriban 0.5 ya kamera ya fremu kamili. Ukizidisha kwa 1.25 unapata kama 0.63, na ghafla kamera ya mwanafunzi inatazamika kwa raha. Kamera ya 5D, yenye 0.71, haina shida hiyo, ikiongezewa 1.25 huwa karibu 0.9, na kuona pembe zote nne kwa mara moja kunakuwa kazi, hasa kwa mvaa miwani ambaye jicho lake haliwezi kukaribia kioo. Basi kifaa kilekile kinachomfaa mwenye 400D kinaweza kumkera mwenye 5D. Kwa fremu kamili, mara 1 ya Nikon au ya Seagull ndiyo busara zaidi.

Mvaa miwani ana la ziada la kuangalia. Kitazamio kizuri kina gurudumu lake la diopta, na mtu asiyeona mbali anaweza kulizungusha akavua miwani. Namna ya kulirekebisha hukosewa mara nyingi: watu hutazama mandhari na kuzungusha hadi yang'ae, wakati kinachotakiwa ni kutazama alama za fokasi zilizochorwa kwenye skrini ya kulengea, au tarakimu za chini, hadi zikate vizuri. Mandhari yaachwe kwanza. Na mtu akibadili kutoka makuzi madogo kwenda makubwa, mara nyingi lazima arudie zoezi hilo.

Lakini kabla ya yote hayo, kifaa lazima kiingie. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana vitundu vya kuchungulia havina kipimo kimoja hata ndani ya kampuni moja. Nikon ina familia mbili zinazotofautishwa kwa macho tu. Kamera zenye kitundu cha duara, kama D3, D700, D800, D850 na D500, hutumia DR-5, ambacho hufungwa kwa skrubu. Zenye kitundu cha mstatili, kama D40, D80, D300, D7000 na D750, hutumia DR-6, ambacho huteleza kwenye reli. Mtu asidhani kwamba kamera ya bei kubwa daima ni ya duara: D300 na D750 si za bei ya chini, na zote zina mstatili. Canon imegawanya mipira yake ya kuegemeza jicho katika Eb, Ef na Eg kufuatana na kamera, na Angle Finder C kiliuzwa pamoja na adapta mbili, Ec-C na Ed-C, kila moja ikiwa na kundi lake. Kikiuzwa mitumba, adapta moja mara nyingi imekwisha kupotea. Mnunuzi aulize ipi iliyobaki kabla ya kuuliza bei. Sony ilipourithi mfumo wa Minolta ilitoa FDA-A1AM kwa DSLR zake za Alpha, na Pentax ina reli yake yenyewe.

Vitazamio vya kampuni nyingine, Seagull kikiwa mfano, huja na mfuko wa adapta za plastiki kwa ajili ya aina mbalimbali za kamera. Hiyo ni faida halisi kwa mpiga picha mwenye bodi za kampuni mbili, au anayetarajia kubadili. Udhaifu wake ni adapta zenyewe: hulegea, na kifaa kinachotikisika huhamisha jicho kutoka mstari wa katikati, ukingo mmoja wa picha ukaingia kivuli. Katika kulinganisha viwili vya bei zinazokaribiana, kikazo cha adapta kinastahili uzito kuliko tarakimu ya makuzi.

Kuna tatizo dogo ambalo humshangaza anayefunga kifaa hiki kwa mara ya kwanza: skrini ya nyuma inazimika na haiwaki. Canon 400D na baadhi ya kamera nyingine zina sensa chini ya kitundu inayohisi uso unapokaribia, na kitazamio kilichofungwa huchukuliwa kuwa ni uso. Dawa yake iko kwenye menyu, katika mpangilio wa kuzima skrini kiotomatiki. Kamera haijaharibika.

Je, skrini inayokunjuka haijaua kitazamio cha pembe kabisa? Nikon D5000 ya mwaka 2009 na Canon 60D ya 2010 zilileta skrini za kukunjuka kwenye DSLR za Nikon na Canon za watu wa kawaida, na Nikon D750 ya 2014 ikazileta kwenye fremu kamili. Kwa picha ya uyoga au ya kinyonga aliyetulia juu ya kijiti, mwenye kamera hizo hahitaji kununua kitu. Lakini DSLR nyingi zikiwa katika mtazamo wa skrini hufokasi polepole, kwa kusogeza lenzi mbele na nyuma zikitafuta ukali. Canon ilipata tiba mwaka 2013 kwa 70D, yenye sensa inayopima fokasi yenyewe. Nikon haikuifikisha tiba ya namna hiyo kwenye DSLR zake hadi D780 ya mwaka 2020. Kwa hiyo D750 na D850, pamoja na skrini zao nzuri, hurudi kwenye kitundu mara tu kiumbe anapoanza kutembea. Isitoshe, skrini zao hukunjuka juu na chini tu. Kamera ikisimamishwa wima, skrini hiyo haisaidii, wakati kitazamio cha pembe huzungushwa kikaelekea juu tena.

Mfano mzuri ni msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Watamu, anakoishi sange mwenye manyoya ya dhahabu kiunoni. Ni mnyama mdogo wa ardhini, ana pua ndefu ya kuchakura majani makavu, na anakimbia kwa kasi akistuka hata kwa unyasi kuvunjika. Huko watu hutembea kwa miguu, tofauti na Serengeti au Maasai Mara ambako kanuni humzuia mgeni kushuka garini ila sehemu maalumu. Mpiga picha aliyeketi chini kimya, kamera ikiwa juu ya mfuko wa maharage, ana nafasi ya sekunde chache. Mtazamo wa skrini wa D750 hautamkuta mnyama huyo. Fokasi ya kitundu, kupitia DR-6 katika mara 1, inaweza.

Ustadi wake, hata hivyo, hauji siku ya kwanza. Kichwa kimeinama, kamera inatazama mbele, na mwili haujui uzungukie wapi. Wanaokizoea huanza na kuku wa uani na watoto wanaocheza mpira, wakijifunza kumfuata kiumbe kwa kugeuza kiuno badala ya mikono. Aliyenunua wiki moja kabla ya safari na asikiguse hadi afike huko atakivua saa ya kwanza.

Jua la Ikweta ni hoja nyingine. Saa 6 mchana kwenye ufuo wa Paje au kando ya Ziwa Magadi, skrini ya nyuma hugeuka kioo cha kujitazamia, ilhali kitundu chenye mpira unaoziba jicho kinabaki wazi. Lakini kitundu hichohicho ni mlango wa mwanga. Mpiga picha akiondoa jicho ili atumie rimoti, mwanga huingia kwa nyuma na kuudanganya mfumo wa kupima nuru, picha ikatoka na giza. Nikon D700 na D800 zina pazia dogo la ndani la kuziba. Canon huweka kifuniko cha mpira kwenye mkanda wa shingoni. Kitazamio cha pembe kinachotazama anga la mchana huchota mwanga mwingi, hivyo kifunikwe kwa kiganja au kitambaa.

Matumizi mengine ya kifaa hiki hayahusu wanyama. Wanaopiga nyota walikithamini sana zamani, kwa sababu kamera iliyoelekezwa juu huacha kitundu chake kikitazama ardhi. Kwa watu wa Ikweta tatizo ni kubwa kuliko Ulaya: kitovu cha Njia Nyeupe, kilicho upande wa kundinyota la Mshale, hupita karibu na utosi wa mtu aliye Dar es Salaam, kikiwa kama nyuzi 22 tu kutoka wima. Huko London hakipandi juu ya upeo wa kusini kwa zaidi ya kiasi kidogo. Ila kwa nyota, mtazamo wa skrini uliokuzwa mara 10 umechukua kazi ya fokasi, na kitazamio kimebaki cha kupangia fremu kwa wenye skrini isiyokunjuka.

Kazi ya kunakili maandishi ya kale ina umbo hilohilo kwa kugeuzwa: kamera iko juu ya stendi, lenzi inatazama meza, na kitundu kinatazama dari. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu iliwekwa katika mfumo wa kidijitali kupitia mpango wa hifadhi zilizo hatarini wa Maktaba ya Uingereza, na kazi za aina hiyo zinaendelea kuhitajika pwani yote. Anayeifanya kurasa mamia kwa siku anapaswa kuunganisha kamera na kompyuta kwa waya. Kitazamio cha pembe humfaa mwenye kurasa chache, mahali pasipo na umeme wa uhakika.

Lipo pia tumizi la kujificha. Helen Levitt na Ben Shahn, katika miaka ya 1930, walifunga vitazamio vya pembe kwenye kamera za Leica ili waonekane wanatazama upande mwingine huku wakiwapiga watu wa mitaani Marekani. Picha zao zina nafasi katika historia, na hakuna haja ya kuzifuta. Lakini mpiga picha wa leo katika vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe hana sababu ya kuiga mbinu hiyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria kuna mwanamke anayekaa barazani kwake ambaye hakuomba kupigwa picha. Kuomba ruhusa kunachukua muda mfupi kuliko kufunga adapta.

Anayenunua kifaa kilichotumika, na siku hizi hiyo ndiyo njia ya kawaida kwa vitazamio vya DSLR, akiangalie kwa tochi. Unyevu wa Mombasa, Tanga na Zanzibar huzaa kuvu ndani ya lenzi, na prizimu haziponi. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui nyeupe mwanga ukipita kwa mshazari. Kwenye lenzi ya kamera kuvu kidogo huvumilika. Kwenye kitazamio hukaa mbele ya jicho moja kwa moja. Kisha kizungushwe mzunguko mzima, kihisiwe kama kinanasa kwenye kila robo, na kitenzo cha makuzi kisogezwe mara kadhaa kuona kama picha inaruka kutoka mahali pake. Nyumbani kihifadhiwe kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na safarini kisibebwe kikiwa kimefungwa kwenye kamera: reli za kitundu ni za plastiki, na pigo moja la mlango wa gari huzivunja.

Zipo njia mbadala za kielektroniki. Zigview, ya Korea Kusini, ni skrini ndogo inayoshikizwa kwenye kitundu na kuonyesha kile inachokiona humo. Ni picha ya picha, ina betri yake ya kuchaji, na ukali wake hautoshi kuamulia fokasi. Simu ni bora zaidi. Canon 6D ya mwaka 2012 ilikuwa na Wi-Fi ndani, na kamera nyingi zilizofuata zinaweza kutuma picha hai kwenye simu iliyoshikwa mkononi. Ucheleweshaji wake huifanya ifae vitu vilivyotulia. Ndugu Will na Matthew Burrard-Lucas walikwenda mbali zaidi mwaka 2009: walipanda DSLR juu ya kigari kinachoendeshwa kwa rimoti, wakakiita BeetleCam, na kukipeleka Tanzania kupiga tembo na nyati kutoka usawa wa majani. Kwa wanyama wa ukubwa huo hilo ndilo jibu sahihi, maana hakuna kitazamio kinachoruhusu mtu kuketi miguuni pa nyati.

Kamera zisizo na kioo zimebadilisha hesabu nzima. Fokasi yake kwenye skrini ina kasi ileile kama kwenye kitundu, na baadhi zimefanya kitundu chenyewe kuinuka: Panasonic GX7 ya 2013 huinuka nyuzi 90 na GX9 ya 2018 nyuzi 80, na Fujifilm ilitoa adapta ya EVF-TL1 kwa baadhi ya kamera zake kubwa za GFX, inayoinua kitundu na pia kukizungusha pembeni. Olympus ilikuwa imeonyesha njia tangu 2009 kwa kitundu cha kupachika cha VF-2. Kubandika bomba la prizimu nyuma ya kamera za aina hii ni kutafuta shida: sensa ya jicho huzibwa, na hakuna kinachopatikana ambacho skrini haitoi tayari.

Hukumu basi inategemea kamera iliyopo mkononi. Mwenye Nikon ya kitundu cha duara anunue DR-5, wa mstatili DR-6, na wote wawili watumie mara 1 kwa kila kinachosogea. Mwenye Canon ndogo ya sensa ya APS-C atafurahia Angle Finder C, mradi adapta yake ipo. Mwenye Canon ya fremu kamili na miwani ajaribu kwanza, na asipoona pembe nne achukue cha Seagull chenye mara 1. Mwenye DSLR ya skrini inayokunjuka anayepiga maua, uyoga na vyura waliotulia abaki na pesa zake. Mwenye kamera isiyo na kioo azitumie kununua mfuko wa maharage mzuri na turubai la kukalia.